Kicheko cha Mayu Ghalani

Harufu ya ghala la pamba haitoki puani upesi. Hata mzigo wa mwisho ukishaondoka, ghala linabaki na harufu ya magunia, ya panya na ya dawa ya wadudu, na vinyuzi vyeupe vinaning'inia kwenye kona kama vimesahauliwa. Ndani ya ghala la namna hiyo, kwetu Nkololo, nikiwa darasa la nne, ndipo nilipoona sinema kwa mara ya kwanza. Mwalimu Masanja, kijana mgeni shuleni, alirudi kutoka likizo Mwanza na projekta ya kuazima na filamu za zamani sana za kuchekesha, nyeusi na nyeupe, zisizo na sauti hata chembe. Msimu ule wa mvua, kabla pamba mpya haijavunwa, kila Jumapili baada ya ibada tulifunika madirisha kwa maturubai, tukatundika shuka ukutani, tukakaa kwenye stuli tulizobeba wenyewe kichwani.

Muziki ulikuwa juu yetu. Mzee Sospeter, mpiga kinanda wa kwaya, alileta kinanda chake, lakini soketi iliyobaki ilikuwa moja tu, chini ya shuka, na waya ulikuwa mfupi. Basi akakaa hapo hapo, mgongo kwenye picha na uso kwa watu. Mimi nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya wenzangu, na mwalimu, akitaka nichangamke, alinipa kopo lenye punje za mahindi. Mtu akianguka kwenye picha, nitikise. Nilikaa kando ya Mzee Sospeter, nikitazama vidole vyake, nikimfuata yeye tu.

Mama yangu hasikii. Aliugua akiwa mchanga na masikio yake hayakupona. Nyumbani tunamwita Mayu, yaani mama, ingawa hajawahi kulisikia jina hilo. Tunaongea kwa mikono, kwa ishara tulizozitunga wenyewe jikoni na shambani. Kwenye harusi, kwenye mikutano ya kijiji, hata kanisani, huwa anakaa akitutazama midomo hadi anachoka na kuinamisha kichwa. Lakini ghalani alikaa mstari wa mbele, wima. Kwenye shuka, bwana mmoja alibeba ngazi begani, na kila akigeuka akamwangusha mtu. Mayu alicheka kabla ngazi haijamfikia yeyote. Amezoea kusoma mabega ya watu, nadhani, anajua mwili unataka kufanya nini. Kicheko chake kilikuwa kikubwa, kinene, kinakatika na kuanza upya, kwa sababu hajui kinavyosikika.

Mimi nilikijua. Na kwa kuwa nilikuwa nimekaa nikitazama watu, niliona wenzangu wakigongana viwiko. Shuleni, Limbu wa darasa letu alinijia wakati wa mapumziko na kundi lake. "Kabula, mama yako anacheka kama trekta linalokataa kuwaka!" Akaliiga. Wote wakaliiga. Wiki nzima niliamshwa na trekta, nikalala na trekta.

Jumapili iliyofuata, Mayu alitoa stuli yake nje akajifunga kitenge kipya. Nikasimama mbele yake, nikageuza viganja vyote viwili juu, vitupu. Kwetu hiyo ni "hakuna". Hakuna sinema leo. Alinitazama. Nyuma yangu, barabarani, watu walikuwa wanapita na stuli zao kichwani, sikuwa nimelifikiria hilo. Akairudisha stuli ndani, akachukua ungo, akaanza kubangua karanga.

Ghalani siku hiyo mambo hayakwenda. Bwana alianguka kimya kimya, muziki wa kuanguka ukaja akiwa amekwishasimama, anajipangusa vumbi. Watu walicheka kidogo, wakaacha. "Filamu imeharibika," mtu akasema kutoka gizani. Mzee Sospeter alikuwa akitafuta kitu mstari wa mbele, jasho linamtoka. Akaniinamia. "Mama yako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Anaumwa?"

Nikachungulia punje ndani ya kopo.

"Ng'wanone, mwanangu, mimi hapa sioni picha. Nampigia yeye. Akicheka, najua jamaa anakwenda chini." Akapapasa kinanda tena. "Jumapili ijayo mlete."

Jumapili ijayo haikuwepo. Pamba ya kwanza ilianza kuingia ghalani katikati ya wiki, na mwalimu akarudisha projekta kwa mwenyewe. Maneno ya Mzee Sospeter sikumfikishia Mayu. Sikujua ishara za kuyasema, nilijiambia hivyo, na hadi leo najiambia.

Sasa niko kidato cha tatu, nasoma Bariadi mjini, na ghala lile lina mlango mpya. Nyumbani vichekesho tunaviona kwenye simu, na vyote ni maneno matupu: watu wamekaa kwenye makochi wanabishana. Likizo hii Mayu alikaa karibu yangu, akatazama na mimi, akanigusa mkono: wanasema nini? Nikaeleza kidogo. Akanigusa tena. Kueleza kichekesho kwa mikono kunachosha, na nilikuwa nimetoka kupalilia tangu asubuhi. Mara ya tatu nikakawia kujibu. Hakungoja. Aligeuza viganja vyake vyote viwili juu, vitupu, akaniwahi, kisha akainuka kwenda kutazama moto.