Agosti ya Obdulia

Pale Mexicali, mji wa jangwani kaskazini mwa Meksiko, Obdulia Armenta alipika tamale za kuuza, unga wa mahindi uliofungwa majani na kupikwa kwa mvuke, na mumewe Crispín alipaka lami kwenye mapaa. Crispín alipanda paani alfajiri, akashuka jua linapoanza kuuma, na kwa miaka mingi alijiona kalishinda joto. Juni, hewa ikiwa kavu, feni yao ya maji, ipozayo kwa kuilowesha hewa, iliwatosha. Agosti, unyevu ukipanda kutoka ghuba ya bahari iliyo kusini, feni ile hupuliza mvuke mtupu.

Mwaka ule Agosti ilikuja na hasira. Nohemí, dada mkubwa wa Obdulia, akawafuata nyumbani.

"Dulia, hamieni kwangu. Kiyoyozi kipo."

Crispín, aliyelala sakafuni kifua wazi, akadakia: "Kwa mumeo, yule mwanyumba aliyeniita kupe mbele za watu? Siendi ng'o!"

"Shemeji, ile ilikuwa pombe."

"Pombe husema ya moyoni. Na hili joto lisikutishe. Ni mke mwenza wa Dulia, nimelala nalo miaka yote."

Nohemí akacheka. Obdulia naye akacheka, na kicheko hicho kinamchoma hadi leo.

Kesho yake alitoka kupeleka tamale. Aliporudi mchana, feni inanguruma, Crispín kaegemea ukuta, ngozi kavu, ya moto kama kikaango, anamwita kwa jina la marehemu mama yake. Akafungua bomba ammwagie maji. Maji yenyewe yalitoka ya moto. Jirani akaleta gari. Hospitalini walimzungushia barafu, lakini jioni haikumkuta.

Mazishini, Ezequiel, mume wa Nohemí, alilia kuliko wote.

"Ningejua, shemeji, ningekuja kumwomba radhi."

"Ulijua," Obdulia akamjibu. "Sote tulijua ni Agosti."

Peke yake kodi ilimshinda, akahamia kwa dada yake. Ezequiel humwuliza kila asubuhi kama chumba kimepoa, naye hujibu kimepoa. Mchana wenzake wakisinzia, hukizima kiyoyozi na kufunga mlango. Siku moja Nohemí alimkuta kakaa kitandani, gauni limemganda mwilini kwa jasho.

"Wataka kujiua, mdogo wangu?"

"La. Nataka tu kujua alisikiaje, na mimi sipo."

Nohemí akawasha kiyoyozi, akatoka. Obdulia akabaki anatetemeka kwa baridi.