‘Mamangu hajulikani na nani?’: Mbandika stika wa Dubai na wimbo wa mwaka 1962

Saa moja kasorobo asubuhi, Ummi Taib anasimama mbele ya makabati ya chuma kwenye lango la ghala moja la Dubai Investments Park. Anazima simu, anaifungia humo na kuutia ufunguo mfukoni. Hataishika tena hadi saa ya chakula.

Ndani, meza yake ni namba tisa. Kushoto kuna katoni za shampuu, kulia roli la stika zenye maelezo ya Kiarabu. Anatoa chupa, anaigeuza, anabandika, anaisugua stika kwa kidole gumba ikae sawa, anairudisha katonini. Chupa mia tatu kwa saa. Mikono inakwenda yenyewe, lakini uso umekunjwa.

“Hapa nililetwa kwa adhabu,” anasema. “Nilikuwa meza namba mbili, ya vitabu na muziki. Wakaona nitawaletea shida.”

Shida yenyewe ilianza Februari mwaka huu wa 2016, na hadi leo hasira haijamtoka.

Ummi ana miaka 44, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Amefanya kazi Dubai miaka sita. Analipwa dirham 1,500 kwa mwezi na kukodi kitanda katika chumba cha wanawake sita huko Al Baraha. Kila asubuhi basi la kampuni humchukua mwendo wa karibu saa nzima.

Siku hiyo ya Februari alifungua katoni iliyotoka Ulaya. Ndani mlikuwa na santuri, zile sahani nyeusi za zamani ambazo vijana wenye uwezo wameanza kuzinunua upya. Jalada lilitangaza nyimbo kumi na mbili za roki kutoka Afrika Mashariki, za miaka ya mwanzo ya sitini. Mbele palikuwa na picha ya msichana aliyeshusha buibui mabegani, amesimama kwenye maikrofoni, macho ameyafumba.

“Picha hiyo nimekua nikiiona. Iko ukutani kwetu, juu ya redio. Ni mamangu.”

Aligeuza jalada kutafuta jina. Wimbo wa kwanza ulikuwa ‘Karani Umechelewa’, ambao mamake aliuimba jikoni kila siku akiosha vyombo. Mtunzi aliyeandikwa ni mwenye studio. Mwimbaji: hajulikani.

Kisha akabandua stika ya kwanza kutoka kwenye roli. Ummi alisoma madrasa, herufi za Kiarabu hazimpigi chenga. Stika ilisema mutriba majhula, yaani mwimbaji wa kike asiyejulikana. Maelekezo yalikuwa ibandikwe kona ya juu kulia. Na kona ya juu kulia ndipo ulipokuwa uso wa Mastula Sulaiman.

“Yaani nimepewa kazi ya kumfunika mamangu uso kwa karatasi inayosema hajulikani. Mara mia sita,” anasema, na sauti inapanda. “Hajulikani na nani?”

Alimwita msimamizi wake, Irshad.

“Sir, huyu ni mamangu.”

Irshad alilitazama jalada, akamtazama yeye. “Mashallah, sister. Sasa bandika. Yalla, lori laja saa nane.”

Ummi akabandika, lakini nyuma ya jalada. Alikuwa amemaliza santuri 212 kabla mtu wa ukaguzi hajagundua. Aliamriwa azibandue zote na kuzibandika upya mbele. Akaweka mikono juu ya meza na kusema hatafanya. Kazi ikapewa mwingine, naye akasimama pale pale akitazama mamake akifunikwa, moja baada ya moja. Jioni alipewa barua ya onyo na kukatwa mshahara wa siku moja.

“Irshad aliniambia angeweza kunifukuza, nimshukuru. Nikamwambia, sir, shukrani hiyo sina.”

Jambo moja alikuwa amelifanya. Nyuma ya jalada palikuwa na anwani ya barua pepe ya kampuni iliyotoa santuri. Bila simu wala kalamu, aliikariri herufi kwa herufi, akiirudia moyoni kama sura ya Kurani, hadi saa ya chakula alipofungua kabati lake.

Kabla ya kuwaandikia, alimpigia mamake.

“Wamesema mimi n’nani?” Mastula aliuliza.

“Wamesema hujulikani, Mama.”

“Na mwenye studio je, yuajulikana?”

“Yeye wamemwandika mtunzi.”

“Basi waambie mimi sijafa. Kisauni si mbali, wangeuliza.”

Mastula leo ana miaka 72. Mwaka 1962 alikuwa na kumi na minane, akimsaidia babake, Sulaiman, katika hoteli ndogo ya chai karibu na bandari. Mombasa wakati huo ilikuwa imeshikwa na roki. Mabaharia walishuka na santuri, sinema zilionyesha vijana wakitikisa magoti, na karibu kila mtaa ulikuwa na kijana anayejifundisha gitaa.

Makarani wa bandari walikunywa chai saa kumi. Mmoja wao alifika saa kumi na moja kila siku, kisha akataka chai ya moto kana kwamba kuni ni zake. Mastula alimchoka, akaanza kumwimba akiosha vikombe:

Karani umechelewa, chai imepoa,
Kalamu iko sikioni, la kuandika huna.

Kijana wa reli aitwaye Gervas, mteja wa pale pale, alikuwa na gitaa. Aliutia wimbo mapigo ya roki, na baada ya wiki chache wakaenda studio. Walirekodi alasiri moja, wote kwenye maikrofoni moja. Mwisho wa ubeti wa pili mpiga ngoma aliangusha kijiti, na Mastula akacheka. Hawakurudia. Kicheko kikabaki ndani ya santuri.

“Kicheko hicho nakijua kuliko sauti yangu,” anasema Ummi.

Wimbo ulivuma pwani nzima, ukaombwa redioni na kuchezwa harusini. Bandarini, karani yeyote aliyekawia aliimbiwa hadi akapata kiti. Mastula aliusikia akiwa anamimina chai. Baadaye akaolewa, akazaa watano, na hakuingia studio tena.

Nyumbani, watoto walijua sababu moja tu ya jina lake kukosekana kwenye santuri. Babu Sulaiman, waliambiwa, hakutaka binti wa Kiislamu atajwe redioni. Walikua wakimlaumu marehemu kimoyomoyo.

Majibu kutoka Ulaya yalikuja baada ya siku tisa, kwa upole mwingi. Mkusanyaji wa nyimbo hizo aliandika kwamba alifanya utafiti kwa miaka mitatu na alikaa Mombasa siku tano. Alizungumza na mtoto wa mwenye studio, ambaye hakumkumbuka mwimbaji. Kama familia ya Ummi ina mkataba, risiti au ushahidi mwingine, itume.

Ummi anaisoma barua hiyo kwenye simu, kisha anaifunika simu kwa kiganja.

“Mamangu hakupewa karatasi yoyote. Karatasi wanayoitaka ndiyo ile wao hawakuiandika. Wamwibie, kisha wamuombe risiti?”

Hata hivyo hakuacha. Alikumbuka kwamba Gervas alistaafu reli na kuhamia Voi. Mdogo wa Ummi, Rumaisa, alisafiri kumtafuta. Aliuliza kwa wastaafu wa reli na kumpata siku ya pili, mzee wa miaka 75, macho yamefifia lakini kumbukumbu kali. Akamrekodi kwa simu.

Video ina dakika kumi na moja. Mwanzoni Gervas anasema bila kusita: “Aliyetunga ni Mastula binti Sulaiman. Aliyeimba ni yeye. Mimi nilipiga gitaa tu.”

Kisha Rumaisa anamuuliza, kwa adabu, kama ni kweli babu yao ndiye aliyelikataza jina.

“Nani? Mzee Sulaiman?” Gervas anainua kichwa. “Mwanangu, nani kawaambia hayo? Sulaiman ndiye aliyemleta studio. Alikaa nje juu ya kreti ya soda mpaka tukamaliza. Mwenye studio ndiye aliyesema jina la mwanamke haliuzi. Alimwambia Mastula hivyo machoni, sisi tupo, na sisi tukanyamaza. Mimi pia nilinyamaza.”

Anaendelea. “Santuri ilipotoka, Mzee Sulaiman alinunua moja. Akaisoma, akairudisha dukani. Akamwambia muuzaji, ‘Hii si ya binti yangu. Ya binti yangu ina jina lake.’ Akaondoka, hakudai hata senti.”

Ummi aliitazama video hiyo ndani ya basi la kampuni. Anasema wenzake walidhani amefiwa.

Alimpigia mamake Ijumaa, siku ya mapumziko, akamwambia aliyoyasema Gervas. Mastula hakukana.

“Ni kweli,” alisema. “Ningewaambiaje, mwanangu? Kwamba nilitunga, nikaimba, na mtu akanitazama akaniambia jina langu haliuzi? Nikasema baba alikataa. Watu waliniamini upesi. Kila mtu huamini upesi kwamba baba alikataa.”

Kisha akalia. Ummi hakuwahi kumsikia akilia kwa simu.

“Hapo ndipo hasira yangu ilipozidi,” anasema Ummi. “Jina walichukua, hilo moja. Lakini walimwachia aibu nzito hata akamsingizia babake miaka hamsini na nne. Alimzika akiwa bado amemsingizia. Hilo nalo nitawapelekea risiti gani?”

Aliituma video Ulaya. Safari hii jibu lilikuja siku ya pili. Jina la Mastula Sulaiman limewekwa kwenye tovuti ya kampuni kama mtunzi na mwimbaji. Kwenye jalada litawekwa toleo lijalo, “iwapo litakuwepo”. Santuri mia sita zilizopita ghalani kwa akina Ummi zimekwisha sambazwa katika maduka ya nchi za Ghuba, kila moja na stika yake.

Ummi aliingia duka moja kuiona. Bei ilikuwa dirham 129. Alisimama mbele ya rafu na kuanza kubandua ukingo wa stika kwa ukucha. Mlinzi akaja. “Madam, please.” Akatoka.

Je, ameridhika kwamba angalau tovuti imesahihishwa?

“Hapana,” anasema. “Na nisiandikiwe kwamba nimeridhika.”

Mkataba wake unakwisha Agosti, naye amekataa kuuongeza, ingawa ofisi ilimwita na kumwahidi nyongeza ya dirham mia moja. Atarudi Kisauni. Juma la kwanza atampeleka mamake kwenye kaburi la Sulaiman, kwani Mastula ameomba aende kabla ya jambo lolote lingine. Baada ya hapo watapanda gari kwenda Voi.

Huko wataurekodi wimbo upya. Gervas amesema vidole vinaweza, ila gitaa lake halina nyuzi. Ummi amezinunua Deira, pakiti mbili, ya pili ya akiba. Zimo ndani ya sanduku chini ya kitanda chake Al Baraha, pamoja na maikrofoni ndogo ya kuchomeka kwenye simu.

Mastula naye ametoa sharti lake, na amelitaja kwa simu mbele ya mwandishi huyu, sauti ikiwa kavu na thabiti.

“Hawatangoja mwisho wa wimbo kunijua. Nitataja jina langu kabla gitaa halijaanza, jina langu na la babangu. Kisha ndipo Gervas apige.”