Hisa Mia Tatu za Mama Mkubwa

Mama mkubwa ni fundi cherehani na pia, ukimpa nafasi ya kusema, ni mwenye kiwanda cha magodoro. Ana hisa mia tatu. Alizinunua mwaka kiwanda kilipouza hisa kwa wananchi, kwa fedha alizokuwa ameweka za kununulia cherehani ya pili, na tangu siku hiyo anakiita "kiwanda changu". Akiona lori lao linakwenda mbio, anaandika namba na kupiga simu. Gawio lake la mwaka halitoshi kununua hata mto, lakini usithubutu kumwambia.

Ukoo mzima tunalala kwenye magodoro yake, tupende tusipende. Binti yake, ambaye mimi namwita dada, ameolewa na mhasibu wa kiwanda hichohicho. Siku moja dada alilalamika kwamba tangu mwezi wa tatu mumewe hapati usingizi, anagaagaa tu kitandani mpaka asubuhi. Mama mkubwa akaja juu.

"Mmelilaza juu chini. Godoro langu halina kosa."

Mwezi wa tisa ikaja barua kwa wanahisa wote. Wakaguzi walikuwa wamegundua kwamba magodoro yaliyokuwa njiani yalihesabiwa mara mbili: kwenye ghala yalikotoka, na kwenye maduka ambako hayajafika. Faida iliyotangazwa haikuwepo. Gawio hakuna, na bei ya hisa ilishuka nusu ndani ya wiki. Mama mkubwa aliisoma barua mara tatu, akavua miwani, akasema neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Kisha akaniambia nijiandae kumsindikiza mkutanoni.

Mlangoni mwa ukumbi tulimkuta mwanasheria ameweka meza, anakusanya sahihi za wanaotaka kuushtaki "uongozi na idara ya uhasibu". Mama mkubwa alitia sahihi ya kwanza, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ya chini nayo ikapata alama. Miwani ilikuwa bado mkobani.

Ndani hapakuwa na masikilizano. Mwalimu mstaafu alitaka bodi yote ijiuzulu kabla ya chai. Muuza vipuri alitangaza kwamba anarudisha kofia ya kampuni waliyogawiwa mwaka jana. Akaivua, akaitazama, akaivaa tena.

Mwenyekiti alisubiri kelele zipungue, kisha akasema kwa upole mwingi kwamba kosa ni la mtu mmoja tu, kijana wa uhasibu, na hatua zitachukuliwa. Akamnyooshea kidole. Shemeji akasimama, koti aliloshonewa na mama mkwe wake likimpwaya.

"Nilimpima mwezi wa kwanza," mama mkubwa alininong'oneza. "Kapungua inchi tatu."

Akavaa miwani. Akaniomba nakala ya karatasi ya mwanasheria niliyopewa mlangoni, akasoma alichokitia sahihi, kidole kikifuata mstari mpaka "idara ya uhasibu". Alikuwa amemshtaki mkwe wake. Kabla sijasema kitu alikuwa ameshachukua kipaza sauti.

"Mimi nina hisa mia tatu. Kijana, hili kosa uliligundua lini?"

"Mama..."

"Hapa si nyumbani. Nakuuliza kama mwanahisa. Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Ukamwambia nani?"

Shemeji alitazama meza kuu, akatazama viatu vyake. Nilimwonea huruma. Akijibu, kazi hana. Akinyamaza, kesi yote inamwangukia yeye.

"Mwenyekiti," alisema. "Nilimwandikia. Akaniambia ningoje. Nakala ya barua ninayo."

Ukumbi ulilipuka. Mwenyekiti aliomba maji, akaletewa, akasahau kuyanywa. Mama mkubwa alikuwa tayari mlangoni, amemsimamia mwanasheria.

"Huyu mwandike shahidi."

"Mama, utaratibu..."

"Shahidi. Au futa jina langu, na walio nyuma yangu nitawashawishi mmoja mmoja wafute yao."

Mwanasheria aliutazama msururu wa majina ulivyokuwa mrefu, akaandika.

Jumatatu shemeji alipewa barua ya kusimamishwa kazi. Dada alimpigia mama yake simu, akasema, "Umemharibia mume wangu mbele za watu," akakata. Siku nne hawakusemeshana. Mama mkubwa alikaa kwenye cherehani akishona mshono uleule na kuufumua.

Siku ya tano shemeji akaja mwenyewe na koti mkononi, anaomba lipunguzwe. Akasimama kupimwa, mikono juu.

"Mama," alisema, "tangu siku ile nalala. Nalala mpaka mwanao ananiamsha."

Mama mkubwa alikuwa nyuma yake na utepe, kwa hiyo yeye hakuyaona machozi ya mama mkwe wake. Mimi niliyaona.

"Koti silipunguzi, utalijaza," alisema, akikunja utepe. "Na niliwaambia mimi. Godoro langu halina kosa."