Niliuza bustani ya kufukuza mbu Kinondoni, mtaa mzima ukaja kutoa pole

Wakuu, habari zenu. Wenye kunipa shikamoo naipokea mapema kabisa, maana humu jukwaani sidhani kama yupo wa kunizidi umri. Hata hii ID kanifungulia mjukuu.

Naona kila siku vijana mnaulizana mtapataje kastoma wa bustani, na wengine mnauliza mbu wanafukuzwaje bila kupulizia sumu ndani. Nina kisa kinachojibu yote mawili. Ni cha kweli mwanzo mpaka mwisho, na aibu yote iliyomo ni yangu, kwa hiyo sina sababu ya kuipamba.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka ya hamsini. Kinondoni ilikuwa nyumba za makuti, minazi na vichochoro vya mchanga.

Mie nilikuwa nimemaliza darasa la kumi, jambo kubwa enzi hizo. Baada ya hapo nikafanya kazi moja tu: kukaa ndani. Nilipenda nyumba kuliko paka. Vijana wenzangu walikuwa wananiita mwali, wakipita dirishani wananiuliza nitatolewa lini nje nichezewe ngoma.

Shangazi yangu Bi Hadija, aliyenilea, akachoka.

"Amu yako keshakupatia ukarani kwenye mashamba ya mkonge, Kilosa. Mwezi ukiandama unaondoka. Labda uwe na kazi ninayoiona kwa macho yangu haya."

Mkonge! Huko watu wanalala kambini na wanaamshwa kwa kengele. Mie na kengele tuliachana shuleni, na hatukuachana vizuri.

Ndipo nikaanzisha biashara ya bustani. Ujuzi wangu wote ulikuwa huu: nilishawahi kumtembelea ndugu yetu aliyekuwa shamba boi kwa mzungu, Oyster Bay, nikaona vitalu vya maua vimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Basi. Nikajiona fundi.

Nikaanza kuuza ukoka. Wakuu, msicheke. Kwetu uwanja mzuri ni uliofagiliwa mpaka mchanga ubaki na mistari ya ufagio. Majani ni kitanda cha nyoka. Bibi mmoja akaniuliza, "Kwani mie nimehama, mpaka uwanja wangu uote nyasi?"

Nikabadilisha marketing. Nikaacha kuuza majani, nikaanza kuuza usingizi. Ukinunua bustani yangu, mbu hawakuoni.

(Hapa niwape faida kidogo. Kivumbasi ukikifukiza jioni, mbu wanatafuta mlango wenyewe. Majani makavu ya mwarobaini tia kwenye gunia la mahindi, fukusi hawakai. Siafu wamwagie majivu njiani. Hayo nayafanya mpaka leo.)

Kastoma wa kwanza akawa Bi Tatu. Mumewe, Mzee Kondo, alikuwa anachoma chokaa huko Boko, anarudi nyumbani mara mojamoja. Nyumba yao ilipakana na njia ya watu waendao bombani, na dirishani mbu kama wamealikwa.

"Panda tu baba," akaniambia, "ilimradi usinipandie nyoka."

Akafunga mlango, akaenda shambani kwake Mwananyamala kuvuna muhogo, alale hukohuko.

Nikafanya kazi kwa moyo wote. Pale maji yalipokuwa yanatuama, nikainua udongo tuta moja refu, jembamba, chini ya dirisha. Nikazungushia mawe, nikayapaka chokaa ya Mzee Kondo mwenyewe. Ncha hii na ncha ile nikasimamisha jiwe kubwa, kwa urembo. Juu nikajaza miche ya rehani tupu, harufu wasiyoipenda mbu, inanukia mpaka barabarani.

Nikalitazama tuta langu, nikajisifu, nikarudi nyumbani kulala.

Mnaoyajua makaburi ya kwetu pwani najua mshaanza kucheka. Subirini basi.

Kesho yake alasiri shangazi akaingia, kanga kichwani. "Vaa kofia twende. Kuna msiba kwa Bi Tatu."

Kastoma wangu wa pekee!

Tukakuta mikeka imetandikwa, wanawake upande wao, wanaume upande wao. Nikakaa na wazee, uso umesawijika kwa huzuni ya kweli. Machoni nilikuwa naiona Kilosa.

Nikamnong'oneza mzee wa jirani, "Kazikwa lini?"

"Hatujui, mwanangu. Tumeamka tumeliona kaburi. Wako wanaosema ni Bi Tatu, wako wanaosema ni mumewe, kaletwa kutoka Boko. Nyumba imefungwa, tutamuuliza nani?"

"Kaburi lenyewe liko wapi?"

Akanyoosha kidole. "Si lile pale? Aliyelichimba ana adabu zake, hata kibla hakukosea."

Wakuu, nikatazama. Mawe yangu. Rehani zangu.

Kabla sijanyanyuka mkekani, Bi Tatu huyo anatokea, mzigo wa muhogo kichwani. Wanawake wakapiga ukelele. Walipohakikisha ni mzima, wakakata shauri kwamba basi aliyekufa ni mume.

"Pole, Bi Tatu. Kondo katangulia."

Muhogo ukaenda huko, yeye akaenda huko, akagaagaa mchangani. Nikasimama. "Bi Tatu, ile ni bustani!"

Mzee akanivuta shati. "Kaa chini, usikufuru."

Sasa huko Boko nako habari ilishafika, ila kule ilifika kwamba kafa mke. Tukasikia baiskeli. Mzee Kondo akashuka mbio, katoka tanurini vilevile, mweupe kwa chokaa kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

Wazee waliokuwa wanalalamika magoti niliwaona wakiruka ua.

"Tatu wangu!" akalia.

"Kondo? Si umekufa?"

"Mie? Si wewe!"

Halafu mtu akauliza, "Sasa mle ndani yumo nani?"

Shangazi, anayenijua, akageuza shingo taratibu. "Wee mwali, hebu simama."

Walicheka, wengine mpaka wakalala kwenye mikeka ya msiba. Mzee Kondo hakucheka. "Kesho asubuhi ling'olewe."

Nyumbani shangazi akafuta vumbi sanduku, nguo zangu zikaanza kuingia.

Asubuhi nikaenda na jembe. Bi Tatu yuko dirishani anakunywa chai.

"Weka jembe chini. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Enhe! Saa hizi Kinondoni nzima huwa inapita hapa na madebe, inachungulia nimepika nini. Leo wote wamezunguka kule. Wanajua ni bustani, lakini miguu inakataa."

"Na mbu?"

"Mbu wamepungua kidogo. Mbu waache. Na Kondo niachie mie."

Nikarudi na jembe langu, sanduku bado liko mlangoni. Jioni akapiga hodi Bwana Gulamu, Mhindi mwenye duka la pembeni. Kaja mwenyewe.

"Mimi nataka ile kaburi ya Bi Tatu."

"Ni bustani, Bwana Gulamu. Inafukuza mbu."

"Mbu acha. Watu nakojoa ukuta yangu kila siku. Weka mbili."

Nyuma ya pazia nilimsikia shangazi akijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakohoa. Kisha nikasikia sanduku linafunguliwa, nguo zinatolewa moja moja.

Kilosa sijaiona mpaka leo.

Somo nililopata, vijana: mie niliuza cha kufukuza mbu, wao walinunua cha kufukuza watu. Kabla hujamsomea kastoma sifa za mimea yako, kaa naye kwanza umuulize nini kinamkera pale kwake. Na ukimaliza kazi, zunguka uitazame kwa upande wa mpita njia, usiitazame kwa macho yako ya kujisifu.

Mlio kwenye fani ya bustani huko Boko, Mbezi na kwingineko, nani kashawahi kulipwa kwa kitu ambacho hakujua anakiuza? Semeni. Mie nipo, sitoki, si mnanijua.