Hukumu ya Marekani na Njia ya Shangazi

Kosa langu la kwanza katika kujifundisha sheria lilikuwa kusoma hukumu mpaka pale iliponifurahisha, kisha kuacha. Naona aibu kulisema, ila mkinicheka hamtakuwa wa kwanza.

Sijasoma chuo chochote. Nina simu, kamusi na wasiwasi mwingi, na nilikuwa nafuatilia hukumu mpya za mahakama za Marekani (msiniulize kwa nini za huko, zinapatikana bure na majaji wake wanaeleza sababu kwa kirefu, nami napenda kuelezwa).

Shangazi Mwanaidi, aliyenilea, anakaa nyuma ya nyumba ya Mzee Shomari hapa Bagamoyo, na kwa miaka mingi amekuwa akikatiza uani kwa mzee huyo ili afike barabarani. Mzee alipoanza kuchimba msingi wa ukuta, shangazi aliogopa kufungiwa njia, wakaenda Baraza la Kata wapatanishwe. Nikamwambia, "Niachie mimi," kwa sababu wiki ileile nilikuwa nimekuta hukumu ya huko Marekani iliyosema aliyepita kwa jirani miaka mingi bila kuzuiwa hawezi kufungiwa.

Barazani, Mzee Shomari hakuleta ubishi. "Nitaacha upenyo dada yangu apite," alisema, na shangazi alishafungua mdomo kushukuru, lakini mimi nilikuwa nimetafsiri kurasa tano, nimezipigia mistari kwa rula, nimepiga pasi shati mara mbili, sasa vyote hivyo viende bure? Nikasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hiyo si hisani, ni haki yake. Mahakama ya Marekani imeshaamua."

"Marekani ipi, mwanangu?" aliuliza Mama Josefina, mwenyekiti, mwalimu mstaafu. "Kuna nyingine huku Msata?"

Watu wakaangua kicheko. Nikasoma tafsiri yangu hata hivyo, na nilipomaliza mwenyekiti akanyoosha kidole kwenye karatasi za Kiingereza. "Hizo zilizobaki zinasemaje?"

Sikuwa nimezisoma. Nikaanza kutafsiri papo hapo, nikizidi kushusha sauti: isipokuwa kama mwenye eneo ndiye aliyemruhusu apite.

"Rudia, bwana mwanasheria, huku nyuma hatusikii!" mtu akapaza sauti.

Nikarudia. Mama Josefina akamgeukia shangazi. "Uliruhusiwa?"

Shangazi hajui kusema uongo. "Nilimwomba, akaniambia nipite tu, nijione niko kwangu."

Hapo kila mtu alicheka isipokuwa Mzee Shomari. Alimtazama shangazi, si mimi. "Kumbe mimi nasema pita, nyie mnahesabu miaka?"

"Kaka, wallahi sikuwa najua," shangazi alisema. Mzee alishasimama.

Siku ya pili nilikwenda kumwomba radhi. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea kupanga matofali. Ukuta ulijengwa mwanzo hadi mwisho, bila upenyo. Baada ya shangazi kwenda peke yake mara tatu, mzee alikubali kuweka kimlango, komeo likiwa upande wake.

Hukumu za Marekani bado nazisoma, sasa mpaka mstari wa mwisho, pamoja na maoni ya majaji waliopinga. Na kabla sijamsemea mtu, namuuliza anataka nini. Shangazi alitaka kupita tu. Siku hizi anapita, ila anagonga kwanza na kusubiri afunguliwe.