Mayai ya Mwanangu Nilikula Mimi

Jamani, kosa ni langu, shetani msimsingizie! Mimi ni baba wa mtoto mmoja, naishi Visiga, na nimemlia mwanangu mayai.

Kuku tunao wetu. Mke wangu Zuhura alipoanza kumlisha binti yetu Nasma vyakula vingine zaidi ya ziwa la mama, nikakohoa kidogo, nikasema, "Mtoto akila yai anakuwa mwizi. Kwetu ni mwiko."

Uongo mtupu! Niliwahi kusikia kwa bibi, ila mwenyewe sikuamini. Nilitaka tu mayai yangu ya chai ya asubuhi. Lo, ulafi!

Nasma akawa mtoto wa uji mweupe na ugali wa mchuzi. Akachelewa kutembea. Nikasema, "Ukoo wetu ni wa watu wafupi." Mimi huyo, ninayeinama kila mlango!

Siku moja wahudumu wa afya wa mtaa wakaja kufundisha mapishi ya watoto uani kwa jirani. Zuhura akampeleka Nasma; mimi nilifuata harufu tu. Wakampima Nasma urefu. Mtoto wa jirani, aliyezaliwa nyuma yake, alikuwa amempita!

"Baba Nasma," mhudumu akaniambia taratibu, "mtoto anaanza kudumaa. Yai anapata?"

Kabla sijajibu, wakamsogezea Nasma sahani yenye yai. Akaficha mikono mgongoni.

"Yai la baba!"

Uani kote kicheko. Zuhura hakucheka.

"Kumbe mwizi ni nani?" akaniuliza.

Kesho yake akambeba mtoto, huyoo, kwao Kisarawe. Nikabaki na kuku wangu. Mayai tele, hayapiti kooni!

Siku chache baadaye nikawafuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama mkwe akajibu. "Mtoto anakula ndani. Wewe ngoja hapo nje."

Nikangoja juani kama mdeni. Zuhura alipotoka nikaomba radhi mbele ya mama yake, bila kona kona. Aibu niliyoona!

Walirudi. Nasma sasa anakula yai, dagaa, mchicha, na siku hizi anakimbiza kuku mwenyewe. Lakini mhudumu hakunificha: miaka miwili ya mwanzo ikishapita, kimo kilichopotea ni kazi kukirudisha. Hapo ndipo moyo unaponiuma. Angekuwa mrefu kiasi gani? Sitajua.

Akina baba wenzangu, mkisikia mwiko unaomnyima mtoto na kuwashibisha ninyi, jiulizeni aliyeutunga alikuwa na njaa kiasi gani!