Mama Chini ya Simba

Mwaka mama alipokufa nilikuwa na miaka saba, na taabu zangu zilianzia hapo. Juzi binti yangu alinipeleka hapa Brussels kuona kazi za wachoraji wakubwa wa Vietnam. Mzee mmoja wa huko alikuwa akisugua ubao kwa maji na makaa, na chini ya rangi nyeusi ukatokea uso wa mwanamke. Harufu ya rangi mbichi ikanirudisha Lubumbashi.

Papa, baba yangu, alikuwa anachora kwenye magunia ya unga na kuuza sokoni. Picha moja tu hakuiuza, ya mama, na hatukuwa na nyingine. Siku moja mteja alitaka picha ya simba haraka, na magunia yalikuwa yamekwisha. Papa akaishusha ile ya mama, akaanza kuchora juu yake.

"Papa, hapana! Ule ni maman!"

"Bon, leo utakula maman?"

Nikamshika mkono wenye burashi. Akaninyanyua, akaniweka pembeni, akaendelea. Macho ya mama aliyafunika mwisho. Kesho yake mteja akacheka, "Eh, huyu simba ananiangalia!" Akaenda naye.

Nilimwuliza yule mzee wa Vietnam kama gunia nalo lingeweza kusuguliwa hivyo.

"Hapana, monsieur. Kwenye kitambaa rangi zote zinatoka pamoja."

Shule sikumaliza, lakini kuomba sijaomba muntu. Leo nina nyumba ya ghorofa tatu hapa mtaa wa Schaerbeek, kamioneti mbili za mizigo, na duka la samaki wakavu. Sura ya mama sina.